Makaa ya kahawia yalivyogeuzwa koki

Shika kipande cha makaa ya mawe ya kahawia kilichochimbwa jana. Ni kizito kwa kuwa karibu nusu yake ni maji, na mara nyingi utaona bado nyuzi za mti kilikotokea. Kiache juani siku chache, kitapasuka na kubomoka kuwa chenga. Kitu cha namna hiyo kitabebaje shehena ya tanuri la chuma?

Koki, yaani makaa yaliyopikwa bila hewa, haitiwi tanurini kwa ajili ya joto tu. Ikiungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, inayonyang'anya oksijeni iliyoshikamana na chuma ndani ya mawe yake. Tena vipande vyake vigumu ndivyo vinavyobeba mzigo wote wa juu huku vikiacha njia ya hewa. Makaa meusi yanayofaa kwa koki hujipatia ugumu huo yenyewe: yakifika nyuzi joto 400 hivi hulainika, yakashikana, kisha yakaganda kuwa bonge moja lenye vitundu. Ya kahawia hayalainiki. Ukiyapika yalivyo unaambulia chenga.

Ujerumani Mashariki, iliyoundwa mwaka 1949, ilikuwa na makaa ya kahawia tele huku makaa mengi ya koki yakibaki upande wa Magharibi. Erich Rammler wa chuo cha madini cha Freiberg na mwenzake Georg Bilkenroth wakatafuta ugumu kabla ya moto. Waliyasaga makaa hadi punje zisizozidi milimita moja, wakayakausha hadi maji yakabaki karibu asilimia 10, wakayashindilia kuwa briketi, yaani vitofali vya makaa. Usagaji huo ndio ninaouona kiini cha kazi yao. Kipande cha mti na punje ya udongo wa makaa havisinyai sawasawa; vikiachwa vikubwa ndani ya briketi moja, vinaipasua. Baada ya hapo joto lilipandishwa polepole hadi nyuzi 1000 hivi, maana ganda likisinyaa kabla ya kiini, ufa hauepukiki.

Kiwanda cha Lauchhammer kilianza kutoa koki hiyo mwaka 1952. Bado ilikuwa dhaifu kuliko ya makaa meusi, kwa hiyo huko Calbe yalijengwa matanuri 10 mafupi ambayo mzigo wake usingeiponda.

Anayepanga mradi kama huu leo namwomba aanze hesabu zake na maji machafu. Kupika makaa ya kahawia hutoa lami na maji yenye fenoli, sumu inayoua viumbe vya mtoni. Lauchhammer ilijenga minara 24; ndani yake maji yalitiririka juu ya mabaki ya tanuri yaliyokaliwa na bakteria wanaokula fenoli. Koki ilikoma kutengenezwa mwaka 1991. Minara iliendelea kusafisha maji hadi 2002.