Ukurasa Umefutwa: Seva Yako Inamjibu Nini Mgeni?

Kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro ikiacha kuuza safari ya njia ya Machame ya siku sita na kubaki na ya siku saba, mtu wa ofisini hufuta ukurasa wa zamani, akaweka mpya, basi. Lakini wakala wa Ujerumani bado ana linki ya zamani kwenye tovuti yake, Google bado inaionyesha, na kipeperushi kilichokwisha kuchapwa kina msimbo wa QR unaoelekea kulekule. (Nasema linki kwa makusudi. Ukisema viungo, nusu ya wasomaji watafikiria pilau.)

Ukurasa kukosekana si kosa lenyewe. Namba 404 ni jibu halali la seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti: ulichoomba hakipo. Kosa ni seva kutoa jibu lisilo la kweli, na hapo ndipo tovuti nyingi za biashara Arusha na Moshi zinapoharibikiwa.

Uongo ulioenea zaidi ni ule wa plagini (programu ndogo zinazoongezwa kwenye tovuti) zinazochukua kila anwani isiyopatikana na kuipeleka ukurasa wa mwanzo. Mwenye tovuti hufurahi kwa kuwa haoni tena neno 404. Mgeni aliyetaka bei ya njia ya Lemosho anajikuta anatazama picha ya twiga, hajui kimetokea nini, anaondoka. Google nayo haidanganyiki: ikiona anwani nyingi zisizohusiana zinaelekezwa ukurasa mmoja, huzihesabu kama 404 zilizojificha. Umepoteza mgeni, na hujaokoa chochote.

Uongo wa pili hutoka kwenye mpangilio wa seva. Katika Apache, moja ya programu za kuendeshea seva, ukurasa wa kosa huwekwa kwenye faili la mipangilio liitwalo .htaccess hivi:

ErrorDocument 404 /404.html

Ukiandika anwani nzima inayoanza na https, Apache haitoi 404 tena. Inamwelekeza mgeni kwa 302, yaani imehama kwa muda, kisha ukurasa wa kosa unafunguka kwa 200, yaani "kila kitu kiko sawa". Kwa macho huoni tofauti. Pima kwenye dirisha la amri la kompyuta kwa amri ya curl -I ikifuatwa na anwani yoyote ya kubuni ndani ya tovuti yako, usome mstari wa kwanza. Lazima uone 404.

Sasa kila anwani iliyokufa iamuliwe peke yake. Yenye mrithi wa kweli, kama Machame ya siku sita kwenda ya siku saba, ipewe 301, yaani imehama kwa kudumu. Iache hiyo 301 kwa mwaka mmoja angalau, ikiwezekana isiondolewe kabisa, maana haigharimu kitu. Safari ambayo hamuuzi tena na haina inayofanana nayo, toa 410, yaani imeondolewa, au iache tu kwenye 404. Ya muda, tuseme ukurasa wa kambi inayofungwa wakati wa masika, ipewe 302.

Mtego mmoja wa Apache unastahili kuelezwa kwa kirefu. Amri ya Redirect haishiki anwani uliyoandika tu, inashika na kila kilicho chini yake. Ukiandika

Redirect 301 /kilimanjaro /kilimanjaro/machame

kivinjari kitaenda /kilimanjaro/machame, amri itaishika tena, itaongeza machame nyingine, na kuendelea hivyo hadi kivinjari kikate tamaa. Tumia RedirectMatch yenye ^/kilimanjaro/?$ ili ishike anwani hiyo pekee. Kwenye WordPress (programu ya kuendeshea tovuti), mistari yako ndani ya .htaccess iwe juu ya alama ya BEGIN WordPress. Ukiiweka ndani yake, siku moja itafutwa bila wewe kuambiwa. Epuka pia minyororo: A kwenda B, B kwenda C. Kila anwani ya zamani ielekezwe mwisho wa safari moja kwa moja.

Kuzitafuta anwani zilizokufa si kazi kubwa. Toleo la bure la Screaming Frog, programu ya kukagua linki za tovuti, hupitia anwani 500, na hilo linatosha kampuni nyingi za hapa. Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, hukupa zile ambazo Google imezikosa. Lakini ninachokiamini zaidi ni kumbukumbu za seva yenyewe, kwa kuwa zinaonyesha watu walichoomba kweli na mara nyingi walitoka tovuti gani. Usishtuke ukikuta wp-login.php (mlango wa kuingilia WordPress) au .env (faili la siri za mipangilio) zimeombwa mamia ya mara kwenye tovuti isiyo nazo. Hao ni roboti wanaojaribu milango, waache wapate 404 yao. Linki za kwenda nje zikionyesha 403, yaani umekatazwa, au 999 ya LinkedIn, zifungue kwa mkono kabla ya kuzifuta: tovuti hizo hukataa programu za ukaguzi, si watu.

Kurasa zote zikitoa 404 isipokuwa wa mwanzo, hasa baada ya kuhamisha WordPress kwenda seva nyingine, usianze kurekebisha moja moja. Fungua mipangilio ya Permalinks, yaani ya anwani za kurasa, bonyeza hifadhi bila kubadilisha kitu, kanuni zitaandikwa upya. Na kama picha zimepotea baada ya kuhama kutoka kompyuta ya Windows, tazama herufi: Linux huona Machame.jpg na machame.jpg kuwa faili mbili.

Orodha ya bei isiitwe bei-2024.pdf. Iite bei.pdf, na mwaka uandike ndani. Kila msimu weka faili jipya juu ya lile la zamani, na linki ya wakala itaendelea kufanya kazi.

Ukurasa wa 404 wenyewe uwe mfupi: sentensi moja ya kusema ukurasa haupo, kwa lugha ileile ya tovuti, kisanduku cha kutafutia, linki za njia tatu au nne mnazouza zaidi, na WhatsApp. Hapo kwenye WhatsApp namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri: wa.me/2557 na kuendelea. Ikiandikwa wa.me/07, hitilafu huonekana mgeni anapobonyeza tu, kwa hiyo ibonyeze mwenyewe, ukitumia simu isiyo ya ofisi.