Mionzi, viluwiluwi na mimba: maswali matatu kutoka Dodoma

Viluwiluwi vinahusiana nini na afya yangu?

Vinaonyesha hadharani kile ambacho tumboni mwa mama hatukioni: jinsi viungo vinavyoota, na jinsi mionzi inavyoweza kuviharibu. Mvua zikikolea, chungulia dimbwi lolote pale Dodoma. Kiluwiluwi, yaani mtoto wa chura, huanza bila miguu, kisha kwenye shina la mkia, kila upande, huchomoza kinundu kama kichwa cha pini. Huo ndio mguu wa nyuma unaokuja. Seli zake zinagawanyika kwa kasi, na seli za namna hiyo ndizo eksirei huziumiza zaidi: DNA, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli, hukatika, seli hufa au huacha kugawanyika. Dozi ikiwa kubwa, mguu hutoka mfupi, wenye vidole pungufu, au hauoti kabisa. Ikija mguu umeshakamilika, haiufuti. Hata salamanda, jamaa wa chura anayeweza kuotesha upya mguu uliokatika, hupoteza uwezo huo pale palipopigwa mionzi ya kutosha.

Nilipigwa eksirei ya kifua kabla sijajua nina mimba. Mtoto atakosa kiungo?

Kwa picha hiyo, hapana. Ni kweli mikono ya mtoto huanza kuchomoza wiki ya nne baada ya mimba kutungwa, miguu ikifuata baada ya siku chache, na kufikia wiki ya nane vidole vimeshaachana. Lakini kasoro za maumbile hazijathibitika kwa dozi zilizo chini ya miligrei 100 (miligrei ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), na picha ya kifua humfikishia mtoto chini ya miligrei 0.01. Usitoe mimba kwa hofu hiyo, tafadhali. Tiba ya saratani kwa mionzi ni habari nyingine kabisa, dozi zake ni kubwa mno. Ultrasaundi haitumii mionzi ya aina hii. Safari ijayo mwambie mpiga picha mapema, hata kama ni kuhisi tu.

Wilaya ya Bahi, mkoani Dodoma, kuna urani, madini yanayotoa mionzi. Nikikuta chura mwenye miguu mitano, ndiyo sababu?

Usikimbilie huko. Mwaka 1995 wanafunzi wa Minnesota, Marekani, walikuta vyura wengi wenye miguu yenye kasoro, na watu wakalaumu kila kitu. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba mnyoo bapa aitwaye Ribeiroia, akijipenyeza karibu na chipukizi la mguu wa kiluwiluwi, huotesha miguu ya ziada. Urani ikizidi kwenye maji ya kunywa, kinachoumia kwanza ni figo. Kwa hiyo mashaka yako yakiwa juu ya kisima, omba maji yapimwe. Chura hatakupa jibu.