Kichujio cha Toni Hakiongezi Besi

Kwa mara ya tatu mwezi huu, katika mazoezi ya kwaya hapa Moshi, nimemsikia fundi mitambo akimwambia kijana anayepiga gitaa la besi: "Rudisha toni nyuma, uongeze besi." Kijana alitii, akazungusha nobu ya mwisho hadi sifuri, na gitaa likatoa sauti ya mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Wote wawili waliridhika. Baada ya nyimbo mbili mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba gitaa halisikiki, sauti ikapandishwa kwenye mixa, spika zikaanza kuvuma, na waimbaji wa sauti ya nne, ambao ndio hasa wanaolitegemea gitaa hilo, wakashindwa kushika noti yao ya kuanzia. Chanzo cha yote kilikuwa neno lililoeleweka kinyume.

Kichujio cha toni, kinachoongozwa na nobu hiyo, ni sehemu ya umeme ndani ya gitaa inayopitisha masafa ya chini, yaani mitetemo ya polepole iliyo sauti nene, na kuyapunguza masafa ya juu, yaani mitetemo ya haraka iliyo sauti kali. Katika magitaa yasiyotumia betri huwa na vitu viwili tu: kinzani inayobadilika, ambayo ndiyo nobu yenyewe, mara nyingi ya kiloomu 250, na kapasita ndogo, mara nyingi ya mikrofaradi 0.047. Kapasita hiyo huyafungulia masafa ya juu njia ya kukimbilia kwenye ethi, yaani waya wa ardhi ambako umeme wake hupotea bila kufika kwenye spika, huku ya chini yakiona njia hiyo kuwa ngumu. Kwa uzi mnene kabisa, ambao ukiachwa wazi hutetema kwa hezi 41 hivi, yaani mara 41 kwa sekunde, ukinzani wa kapasita hiyo ni kama kiloomu 82. Kwa hezi 4,000, ambako ndiko uliko mlio wa kidole kukwaruza uzi, ukinzani huo hushuka hadi omu 850 hivi. Ukifungua nobu yote, kinzani huziba njia ya ethi na sauti kali hubaki. Ukiifunga, sauti kali humwagika. Mpangilio huu si mgeni hata kidogo: Precision Bass, gitaa la besi la kampuni ya Fender, lililotoka mwaka 1951, lilikuwa na nobu mbili tu, moja ya kiwango cha sauti na nyingine ya toni.

Lililo muhimu ni kwamba hakuna mahali popote katika maelezo hayo ambapo kitu kinaongezwa, na neno lenyewe, kichujio, lilikuwa linatuambia hivyo tangu mwanzo. Kuchuja, kwa Kiswahili, ni kutenga na kuondoa. Anayechuja tui hapati nazi zaidi ya ile aliyoikuna. Anayechuja maji ya ndizi kwa ajili ya mbege hapati ndizi zaidi. Mchujo wa wagombea haujawahi kuongeza mgombea hata mmoja. Kanga iliyochujuka ni ile iliyopoteza rangi, na hakuna anayesema kwamba weupe umeongezwa ndani yake, ingawa macho yanauona weupe huo kuliko zamani. Mfano huu wa kanga ndio ulio karibu zaidi na jambo letu, kwa sababu masikio nayo hufanya vivyo hivyo: sauti nyembamba zikiondoka, zile nene hubaki peke yake mbele, na msikilizaji hudhani zimekua.

Neno filta, ambalo mafundi wa magari wa mjini kwetu wanalitumia kila siku, lina historia inayosema jambo hilo hilo. Linatokana na neno filtrum la Kilatini cha enzi za kati, lililokuwa jina la kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa, ambacho watu walikitumia kuchujia vimiminika. Wahandisi wa simu walilichukua neno hilo mwanzoni mwa karne ya 20, wakati George Campbell wa Marekani na Karl Willy Wagner wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walipobuni saketi za kutenganisha masafa mnamo mwaka 1915. Maana haikubadilika ilipovuka kutoka kwenye kitambaa kwenda kwenye waya. Fundi gari anajua kwamba filta ya oili haiongezi oili, na sioni sababu ya fundi mitambo kuidai filta yake besi.

Neno toni nalo limechangia mkanganyiko. Asili yake ni Kigiriki, tonos, yaani mkazo au mvutano, kama ule wa uzi uliokazwa. Wanaisimu wanalitumia kwa kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, na ndiyo maana husema kwamba Kichaga kina toni ilhali Kiswahili kina mkazo, jambo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka, kwa kuwa neno toni lenyewe lilianza likiwa na maana ya mkazo. Kwenye gitaa toni si mkazo wa uzi wala kimo cha noti, bali ni rangi ya sauti: noti ni ile ile, uzi ni ule ule, lakini inasikika ama kavu na yenye makali, ama laini na ya kiza. Nobu ya toni inagusa rangi hiyo tu.

Sitaki kumwonea fundi wetu. Nobu ikifungwa kabisa, kapasita hushirikiana na koili ya pikapu, yaani ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi, na kuleta kinundu kidogo, yaani sauti kuinuka kidogo, kwenye mamia machache ya hezi, ambacho masikio huweza kukipokea kama unene. Hata hivyo kinundu hicho kiko mbali sana na hezi 41.

Pia yapo magitaa ambayo kauli yake ingekuwa sahihi. StingRay ya Music Man, ya mwaka 1976, ilitoka kiwandani ikiwa na saketi inayotumia betri ya volti 9, na nobu yake ya besi huongeza besi kwelikweli, kwa sababu kuna umeme wa kufanya kazi hiyo. Aina nyingine ni magitaa ya Alembic ya California na ya Wal ya Uingereza, ambayo yana vichujio vya betri ambavyo nobu yake huusogeza mpaka wenyewe, kwa maana ya pale ambapo masafa huanza kukatwa, na ambavyo vinaweza kuyainua masafa yaliyo karibu na mpaka huo kabla ya kuyakata yaliyo juu yake. Kwenye Wal hilo hufanyika kwa kuivuta nobu juu. Magitaa hayo huongeza, lakini huongeza pale mpakani, na ndiyo maana wapigaji huwa wanautafuta mpaka taratibu kwa sikio badala ya kuizungusha nobu yote mara moja.

Gitaa la yule kijana halina betri. Kwa hiyo ningemwomba fundi, ambaye kazi yake naiheshimu na masikio yake ni mazuri, abadilishe maneno machache tu: akitaka makali yapungue, aseme, "Funga toni kidogo, ukali upungue", akitaka besi zaidi, amwache kijana na toni yake ilivyo, aiongeze yeye mwenyewe kwenye amplifaya au kwenye mixa, ambako iko nobu ya kazi hiyo na umeme wa kuifanya. Sauti ya nne wataipata noti yao, kwa sababu ule mlio wa kidole kwenye uzi, uliokuwa ukimwagwa kwenye ethi, ndio unaowaonyesha mahali noti inapoanzia.