Vitakasa mikono: nani anavihitaji kila siku, na nani anatumia fedha zake bila sababu

Kila tunapokaribia Oktoba 15, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, sisi maafisa afya huulizwa maswali yaleyale. Safari hii limeongezeka moja, tena linaletwa kwa malalamiko: wazazi wanaambiwa kila mtoto aje shuleni na chupa yake ya sanitaiza kama anavyokuja na madaftari. Wanauliza kama ni lazima.

Si lazima. Palipo na maji tiririka na sabuni, mtu mwenye shughuli za kawaida hahitaji kitakasa mikono, si nyumbani, si shuleni, si ofisini. Kitakasa mikono ni cha mahali ambapo maji na sabuni havipatikani kwa wakati huo, na cha kazi chache maalumu nitakazozitaja.

Tangu mwaka 2020 wananchi wengi wamejenga imani kwamba sanitaiza ni hatua ya juu zaidi ya kunawa. Imani hiyo inatupa kazi kubwa. Alkoholi iliyomo humo huua kijidudu kwa kuyeyusha utando wa mafuta unaokifunika na kuharibu protini zake. Virusi vya corona, vya mafua na vya Marburg vina utando huo, kwa hiyo hufa upesi. Virusi vya noro vinavyosababisha kuharisha na kutapika havina utando wa namna hiyo, na alkoholi haivitishi sana. Mayai ya minyoo yana ganda gumu. Hayo usiyategemee kufa kwa sanitaiza hata kidogo. Mtoto wa darasa la pili aliyetoka kucheza gololi chini ya mwembe ana mayai ya minyoo kwenye kucha kabla hujafikiria kirusi chochote.

Katika shule moja niliwaita wanafunzi wawili mbele, nikawapaka masizi ya sufuria viganjani. Wa kwanza nikampa sanitaiza nzuri, akasugua mpaka ikakauka. Masizi yakasambaa hadi kwenye vifundo vya mikono, na katikati ya vidole yakajikunja kuwa vinyuzi vyeusi. Wa pili alinawa kwenye kibuyu chirizi, yaani dumu la maji linaloning'inizwa na kuinamishwa kwa kamba na kijiti cha kukanyagia, kwa kipande cha sabuni ya mche. Maji yaliyodondoka kwenye kokoto yalikuwa meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe. Darasa zima liliinama kutazama. Sikuwa na haja ya kuhutubia zaidi. Sabuni huung'oa uchafu na maji huuondoa, pamoja na vijidudu ambavyo havikufa. Sanitaiza haiondoi kitu mkononi, na mkono wenye mafuta ya dagaa, unga wa sembe au udongo huizuia hata kuvifikia vijidudu.

Wala msihangaike kutafuta sabuni iliyoandikwa kwamba inaua vijidudu. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 vya sabuni za aina hiyo kwa matumizi ya nyumbani, triclosan ikiwemo, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba vinashinda sabuni ya kawaida. Sabuni ya mche inatosha. Nawa kwa sekunde 40 hadi 60, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba na kucha.

Wanaohitaji kitakasa mikono kweli ni hawa. Mhudumu wa afya, ambaye hugusa mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Kwake, mikono isipokuwa na uchafu unaoonekana, alkoholi ndiyo chaguo la kwanza linalopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Anayemuuguza mgonjwa. Msafiri aliye ndani ya basi, na mfanyabiashara wa mnadani asiye na maji karibu. Na sote, panapokuwa na mlipuko. Kagera ilipopata Marburg mwaka 2023, na tena Biharamulo mwaka 2025, vitakasa mikono vilikuwa na nafasi yake. Kwa hiyo makala haya hayafuti maelekezo yoyote ya Wizara ya Afya wakati wa dharura. Maelekezo yakitoka, fuateni maelekezo.

Ukishaamua kununua, nunua kitu chenye kazi. Alkoholi isipungue asilimia 60, na kiwango kiandikwe kwenye chupa. Fomula za Shirika la Afya Duniani zina ethanoli asilimia 80 au isopropanoli asilimia 75. Asilimia 100 haiongezi nguvu, kwani alkoholi inahitaji maji kidogo ili iharibu protini vizuri. Pombe kali za dukani huwa na asilimia 35 hadi 40 hivi, hazifikii kiwango. Gongo ndiyo kabisa, hujui ina nini ndani. Tafadhali sana, tuache kuchanganya vitu hivi majumbani. Methanoli, aina nyingine ya alkoholi inayoweza kuwamo humo, ni sumu. Ikinywewa hupofusha na huua. Na sanitaiza yoyote ikimezwa na mtoto ni hatari, kwa hiyo isikae kwenye begi la mwanafunzi wa chekechea. Mpishi naye asubiri mikono ikauke kabisa kabla ya kuwasha kiberiti, maana alkoholi hushika moto na miale yake haionekani vizuri mchana.

Niliwahi kupuliziwa mikono mlangoni mwa duka moja. Haikutoa harufu, haikupoza kiganja, haikukauka upesi. Nilipomuuliza mlinzi, akanionyesha bomba la maji alikojazia chupa. Hakuwa na nia mbaya. Aliambiwa chupa isiwe tupu. Lakini wateja siku nzima waliingia wakiamini wametakaswa.

Kwa wafanyabiashara wa chakula nieleze utaratibu, maana wengi huweka sanitaiza mezani na kudhani wamemaliza. Tukija kukagua tunatazama choo, kisha mahali pa kunawia: maji yanatiririka au mnachovya kwenye beseni moja, sabuni ipo, maji machafu yanaelekea wapi. Tunaangalia vyeti vya upimaji wa afya wa wapishi, unaofanyika kila miezi 6. Sanitaiza haichukui nafasi ya hata kimoja. Kasoro ikionekana unapewa notisi ya maandishi inayotaja kasoro yenyewe, sheria iliyokiukwa na siku za kurekebisha. Isaini na ubaki na nakala. Siku zikiisha tunarudi. Ikiwa hujarekebisha, hatua zinazofuata zipo kwenye Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na sheria ndogo za halmashauri: faini, kufungiwa, au mahakama. Faini hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na unapewa stakabadhi. Afisa akitaka fedha mkononi, usitoe, na mripoti kwa mkurugenzi wa halmashauri. Notisi si adhabu, nalisema hili kila wiki na bado watu wanazichana mbele yetu.

Kwa shule: kamati ikae na wazazi, ipige hesabu ya chupa za mwaka mzima kwa wanafunzi wote, kisha ilinganishe na madumu ya lita 5, kamba, vijiti na miche ya sabuni. Mwalimu wa afya akihitaji msaada wa kutengeneza vibuyu chirizi, afike ofisi ya afya ya kata. Hatulipishi.

Na ukishuku sanitaiza uliyonunua, usiimwage wala kuitupa chupa. Ifunge, ihifadhi na risiti, angalia kama ina jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kisha ilete kwetu au ipeleke ofisi ya TBS iliyo karibu. Bila chupa na risiti, ni vigumu sana kumfikia aliyeiuza.