Kabla hujamtungia mchezaji silaha, angalia kwanza ameilipia nini

Naendesha meza ya Dungeons & Dragons (gemu la mezani la kusimulia hadithi pamoja na kurusha dadu, kila mtu na mhusika wake) hapa Dar miaka kadhaa sasa, Jumamosi jioni, wachezaji watano, dadu tunarusha ndani ya mfuniko wa sufuria maana meza yenyewe imepinda na dadu ikishaingia chini ya kochi ndo basi tena. Na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, naruhusiwa kuja na silaha yangu mwenyewe?" Zamani nilikuwa najibu ndiyo fasta halafu najuta baada ya wiki tatu.

Kisa kilichonifungua macho ni mkuki. Jamaa mmoja alikuja na "mkuki wa ukoo", kaandika vizuri kabisa kwenye karatasi ya mhusika wake, historia ya mababu nusu ukurasa: demeji (madhara anayopata adui) dadu ya 10, yaani ya pande 10, unashikwa mkono mmoja, unafika mbali (yaani unampiga mtu aliye hatua mbili kutoka kwako badala ya moja), unarushwa, na una finesi, maana yake mtu mwenye Wepesi mkubwa anautumia bila kuhitaji Nguvu. Ilikuwa saa nne usiku, chapati zimeisha, watu wanataka kwenda nyumbani, nikasema sawa. Kufikia kikao cha tatu dada mmoja aliyekuwa na mpiganaji wa upanga alikuwa kashika simu anascroll, zamu yake ikifika anasema "napiga" bila hata kuinua macho. Hajakosea kitu. Ni mimi niliyemfanya mhusika wake asiwe na kazi.

Sasa hapo ndo tuingie kwenye ujuzi wa silaha, maana watu wengi wanadhani ni kakipengele kadogo tu pembeni ya karatasi. Kwenye toleo la tano, la 2014, ukirusha dadu ya pande 20 kupiga mtu unaongeza Nguvu au Wepesi wako, na kama una ujuzi na hiyo silaha unaongeza na bonasi ya ujuzi, inayoanzia +2 levo ya kwanza mpaka +6 ukifika levo ya 17. Huna ujuzi? Hakuna anayekuadhibu, unakosa bonasi tu. Inasikika kama kitu kidogo, ila piga hesabu: levo ya 1, Nguvu +3, adui ana kinga 15, yaani namba unayotakiwa kuifikia ili umpige. Mwenye ujuzi anahitaji 10 kwenda juu, sawa na asilimia 55. Asiye na ujuzi anahitaji 12, asilimia 45. Haya nenda levo ya 17, Nguvu +5, kinga 18: mwenye ujuzi asilimia 70, asiye nao 40. Kwa hiyo mwanzoni mchezaji anaweza kuokota silaha yoyote barabarani akapigana nayo bila shida, ila kadiri anavyokua ndo asichokijua kinazidi kumtosa.

Zamani ilikuwa kali zaidi. Gemu lilipotoka 1974 silaha zote zilikuwa na demeji ya dadu ya 6, kisu sawa na shoka, nyongeza ya 1975 ndo ikaleta dadu tofauti tofauti. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kikaja na ujuzi wenyewe: mpiganaji anaanza na silaha nne, mchawi moja tu, na mchawi akishika asiyoijua anakatwa 5 kwenye dadu, yaani namba tano kati ya 20 zilizokuwa zinampatia pigo zimeondoka. Toleo la tatu, 2000, likapanga silaha kwenye makundi matatu, za kawaida, za kivita na zile za ajabuajabu ambazo hata mpiganaji lazima atoe kipaji chake kimoja (uwezo wa ziada, anapata vichache tu) kuzijua. Mi kundi hilo la tatu nalikumbuka kwa upendo, japo lilileta ule mnyororo wa miiba uliokuwa unapiga karibu na mbali na kuangusha watu, kila meza ilikuwa na mtu mmoja anao. Kuuza ujuzi kwa kipaji lilikuwa wazo zuri, tatizo mnyororo ulikuwa na thamani kubwa kuliko bei yake.

Toleo la tano likafuta hilo kundi. Na hapa ndo penye mtego: mpiganaji ana ujuzi na silaha zote za kawaida na zote za kivita, kwa hiyo ukishaandika "silaha ya kivita" kwenye kitu ulichojitungia, umempa bure.

Basi bei iko wapi? Iko kwenye jedwali la silaha lenyewe, ukilisoma kama muuza duka. Upanga wa kivita wa mkono mmoja unaanzia dadu ya 8. Ukitaka uwe mwepesi, ushike mmoja kila mkono, unashuka dadu ya 6. Ukitaka finesi peke yake unabaki na 8, ndo ile rapia, upanga mwembamba wa kuchoma. Unataka finesi na kufika mbali kwa mkono mmoja? Ipo, ni mjeledi, dadu ya 4. Na ukitaka kufika mbali kwa dadu ya 10 unapewa yale mashoka na mikuki ya mpini mrefu, ila mikono yote miwili imeshikwa, ngao weka chini, na kinga 2 za ngao zimeondoka nayo. Sasa rudi kwenye mkuki wa ukoo. Umemeza mjeledi, umemeza mpini mrefu, ukabakiza mkono wa ngao, halafu ukarushwa juu yake. Wastani wa dadu ya 4 ni 2.5, wa dadu ya 10 ni 5.5. Pointi tatu za bure kila pigo linalompata mtu, na nilisaini mwenyewe.

Siku hizi mchezaji akija na silaha yake kitu cha kwanza ninachofanya natafuta kama tayari ipo kwa jina lingine. Mara nyingi ipo. Rungu la Kimasai la kurusha, kwa mfano, ni ile nyundo nyepesi ya kwenye jedwali, dadu ya 4, nyepesi, inarushwa kama mita 6 vizuri na mita 18 kwa kubahatisha, ya kawaida. Badilisha jina, endelea na maisha.

Sime ilinichukua muda zaidi. Mlinzi wa getini kwetu ni Mmasai, nikamuomba anioneshe yake, akaichomoa kwenye ala nyekundu ya ngozi akanipa kwa mpini. Kitu cha kwanza unachosikia mkononi ni uzito uko mbele, ubapa wa chuma unapanuka kadiri unavyokaribia ncha, katikati una mgongo, na hakuna chochote cha kuzuia vidole vyako visiteleze kwenye makali. Nikamuuliza anaitumiaje, akacheka, "Mzee, nakatia nyama na fimbo." Haya, ni silaha ya kukata, fupi, ya mkono mmoja. Kwenye jedwali la 2014 kuna mbili zinazofanana nayo, upanga mfupi na ule uliopinda, zote dadu ya 6, zote nyepesi, zote finesi, tofauti ni kwamba mmoja unachoma mwingine unakata, plus bei na uzito kidogo. Nikasema sime ni ule uliopinda. Kesi imekwisha.

Haikuisha. Mchezaji wangu mwenye mhusika mwizi akapekua kitabu akasema, "Kaka, mi sina ujuzi na huo." Na kweli, kwenye sheria za 2014 mwizi anajua upanga mfupi lakini hajui uliopinda, wakati druidi, mtu wa porini na miti yake, anajua uliopinda na mfupi hajui! Silaha mbili karibu mapacha, ila jina utakalochagua linaamua nani ataishika kwa raha na nani atakosa bonasi. Ndo nilipoelewa kwamba ujuzi unajibu swali la huyu mtu kakulia wapi na nani kamfundisha. Mhusika wake kwenye hadithi yetu alilelewa na wafugaji, kwa hiyo tukaandika: sime ni upanga mfupi unaokata, na yeyote aliyekulia kule ana ujuzi nayo, hata awe mchawi. Wala hakuna namba iliyopanda.

Sheria za 2024 zimelegeza hayo mambo ya mwizi, halafu zikaongeza kitu ninachokipenda sana, kila silaha ina mbinu yake, na ni wahusika waliofunzwa tu wanaoweza kuitumia. Shoka kubwa linapitiliza kwa adui wa pili, upanga mkubwa ukikosa bado unakwaruza, unatoa demeji sawa na bonasi yako ya Nguvu. Kwa anayetunga silaha hii ni zawadi, maana unaweza kuipa silaha tabia bila kugusa dadu.

Nimeitumia kwa kpinga, kisu cha kurusha cha Wazande, watu wa kaskazini mashariki mwa Kongo na nchi jirani. Kama hujawahi kukiona, ni chuma kimoja chenye makali matatu au zaidi yanayotoka pande tofauti, kinazunguka hewani, na wapiganaji walikuwa wanavibeba kwa ndani ya ngao. Hiki hakina pacha kwenye jedwali, nimetafuta. Kikizunguka hivyo, kikikukosa na kali moja kuna lingine linakuja, sasa hiyo si ndo kukwaruza kabisa? Nikaandika: silaha ya kivita, dadu ya 6, hakuna finesi, kinarushwa mita 6 hadi 18, mbinu ya kukwaruza. Na ukivipachika nyuma ya ngao unachomoa kimoja kwa kila pigo, kitu ambacho sheria za 2014 zilikuwa zinakubania, mtu ana mapigo mawili lakini anachomoa silaha moja tu. Bei yake: hakuna anayeanza gemu na ujuzi wake, hata mpiganaji. Lazima umpate wa kukufundisha ndani ya hadithi, ukae naye, ulipe. Kile kitabu cha 2014 kinaweka siku 250 kujifunza lugha au zana, dhahabu moja kwa siku. Mi nimeazima utaratibu nikapunguza ziwe siku 60, tusije tukazeeka mezani.

Aliyekichukua ni yule dada wa upanga. Siku zake 60 tulizipitisha kwenye vikao viwili, na Jumamosi iliyopita akarusha cha kwanza kwa mfu wa mifupa aliyebakiza pointi mbili za uhai. Dadu ikapiga mfuniko, ikazunguka weee, ikalala kwenye 4. Amekosa. Akaanza kukusanya karatasi zake kwa hasira, ndo mwizi akamgusa bega, "Soma tena, Nguvu yako ngapi?" Tatu. Simu ilikuwa chajini jikoni usiku mzima.