Kuseti kioo cha gari upya: maana yake, na kwa nini kioo husahau

Nilibadilisha betri Jumamosi asubuhi, na nilipowasha gari saa ya kwenye dashibodi ilikuwa inasoma 1:00. Hilo nililitegemea. La kioo sikulitegemea. Nilifika getini pa maegesho, nikabonyeza swichi ya mlango wa dereva mara moja kama nifanyavyo kila siku, kioo kikashuka kidole kimoja kikasimama. Nikabonyeza tena, kikashuka kingine. Nyuma yangu honi zimeanza, na kile kitaa cha kwenye swichi kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha hakuhitaji hata kufungua mlango. "Bosi, swichi imekufa hiyo. Ya mtumba ipo, nikuletee?" Nusura nimwambie alete. Lakini swichi ilikuwa nzima: ukiishikilia inashusha, ukiishikilia inapandisha. Kilichopotea ni kumbukumbu, na kumbukumbu haiuzwi dukani.

Tuanze na kioo chenyewe. Tazama swichi ya mlango wa dereva. Kama ina neno AUTO, basi ina hatua mbili. Ukiivuta kidogo, kioo kinakwenda kadiri unavyoishikilia. Ukiivuta mpaka mwisho kuna kamlio kadogo, unaachia, na kioo kinamalizia safari peke yake. Katika gari nyingi za kawaida zinazotufikia kutoka Japani, mlango wa dereva ndio pekee wenye neno hilo, na milango mingine mitatu ni ya kushikilia tu. Ndiyo maana abiria wako hatakuelewa ukilalamika.

Kuseti upya ni kukionyesha kikompyuta kinachoendesha kioo mahali ulipo mwisho wa juu, ili kianze tena kuhesabu kutoka hapo. Huvunji kitu, hufungui kitu. Unapandisha kioo hadi juu na kuendelea kuivuta swichi kwa sekunde chache, basi.

Neno "kuhesabu" nimelitumia kwa makusudi. Mota ya kioo cha namna hii ina sumaku ndogo kwenye mhimili wake, na pembeni yake sensa, yaani kifaa kidogo cha kuhisi mzunguko. Kila mhimili unapozunguka, sensa inatoa mapigo ya umeme, na kikompyuta kinayahesabu. Mapigo kadhaa kutoka juu, kioo kiko robo. Mapigo mengine kadhaa, kiko nusu. Hakuna jicho linalokitazama kioo. Ni hesabu tu, kama mtu anayepanda ngazi gizani akihesabu vidato.

Mapigo hayohayo yana kazi ya pili, na hii ndiyo yenye uzito. Kioo kikikutana na kizuizi njiani, mota inapunguza mwendo, na nafasi kati ya pigo na pigo inarefuka. Kikompyuta kinaelewa kuna kitu kimebanwa, kinaisimamisha mota na kukirudisha kioo chini. Sheria ya usalama wa magari ya Marekani namba 118, pale inapodai kinga hii ya kubana, inataka kioo kirudi kabla nguvu ya kubana haijafika newtoni 100, ambayo ni kama uzito wa mfuko wa kilo 10. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya zina kikomo hichohicho. Kipimo hufanywa kwa fimbo zenye unene wa kuanzia milimita 4 hadi milimita 200.

Sasa fikiria kioo kinafika juu kabisa. Lazima kiingie ndani ya mpira wa ukingo wa juu wa mlango na kuukandamiza, la sivyo mvua na upepo vitapita. Kwa mota, mpira ni kizuizi sawa na mkono. Itajuaje kuwa huu ni mpira na si vidole? Inajua kwa hesabu peke yake: zimebaki milimita chache kufika mwisho, kwa hiyo ruhusa kubana. Hesabu ikipotea, ujuzi huo nao umekwenda. Ndipo gari linapokataa kabisa kukipandisha kioo lenyewe, likikuachia wewe mwenye macho uishikilie swichi. Mimi ningeliita hilo adabu, wala si ubovu.

Hesabu hupotea umeme ukikatika: betri imebadilishwa, imekufa usiku, au fundi amechomoa waya wa hasi alipokuwa na kazi nyingine kabisa. Hupotea pia mota au reli ya kioo ikifunguliwa. Gari lililokaa wiki kadhaa melini na bandarini betri ikiwa imelala linaweza kukufikia na kioo cha hivyo, ukadhani umeuziwa kimeo. Gari nyingine huhifadhi hesabu hata betri ikitolewa, ndiyo maana jirani yako atakuapia hajawahi kuliona tatizo hili.

Kwa Toyota nyingi, washa gari, funga mlango, shusha kioo mpaka nusu. Kisha vuta swichi na usiiachie. Kioo kikishafunga, endelea kuivuta. Baadhi zinataka sekunde 1 tu, nyingine 6, kwa hiyo mimi huhesabu hadi 6 nikamaliza. Kitaa kikiacha kuwaka na kuzima, kikawaka moja kwa moja, kazi imekubali. Nissan hufanana na hiyo, sekunde 3 hivi baada ya kioo kufunga. Honda huanzia chini: bonyeza mpaka kioo kishuke chote, shikilia sekunde 2, halafu vuta mpaka juu na ushikilie 2 nyingine. Volkswagen inataka kioo kifunge, uachie swichi, kisha uivute tena na kuishikilia. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho, ingawa chetu mara nyingi kimeandikwa Kijapani, kama hakikubaki hukohuko.

Jambo linalowakwamisha wengi: gari likiwa na AUTO kwenye milango yote minne, mara nyingi kila kioo husetiwa kwa swichi ya mlango wake. Utakaa kiti cha dereva ukivuta swichi ya kioo cha nyuma mpaka uchoke, wala hakitakubali. Shuka, kakae nyuma.

Na wakati unaseti, watoto wawe nje ya gari. Kinga ya kubana huenda haifanyi kazi muda huo, na mota ina nguvu kuliko unavyodhani. Ukimaliza, jaribu kama kinga imerudi kwa kuweka gazeti lililokunjwa kama bomba kwenye njia ya kioo. Mkono usitie.

Kuna kioo ambacho utakiseti na hakitatulia. Kinapanda vizuri, kinafika karibu na juu, kinashuka tena chenyewe. Hapo hesabu haina kosa. Tazama mpira wa pembeni ambamo kioo hutelezea: vumbi limeganda ndani, mpira umekauka na jua, kioo kinapita kwa shida na kikompyuta kinadhani kimekutana na mkono. Futa kwa kitambaa chenye maji, acha ukauke, pulizia silikoni ndani ya mfereji, kisha seti tena. Grisi usiweke, itakamata vumbi na baada ya mwezi utakuwa palepale.

Changu kilikubali mara ya kwanza, pale pale kwa fundi, injini ikinguruma. Alikitazama kioo kikipanda, akainama kuchungulia kitaa. "Umebonyeza nini hapo, bosi?" Nikamwonyesha. Akaniambia nikishushe mara nyingine, afanye yeye.