Fungeni Kamusi Kwanza: Dhana Potofu Kuhusu Kusoma Hurafa na Watoto

Kila muhula wazazi huniletea daftari la aina moja: kurasa za "maneno magumu", maana mbele ya kila neno, na mtoto asiyeweza kunisimulia hadithi yenyewe. Nafundisha ufahamu na fasihi shule ya msingi, na imani hii imenichosha: eti mtoto hawezi kuelewa hadithi mpaka akariri kwanza maana ya kila neno asilolijua.

Si kweli, na inaharibu wasomaji. Chukueni hurafa moja, yaani hadithi ya wanyama wanaotenda kama watu: kisa cha kima na papa, ambacho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikichapa mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Zanzibar, kwa jina la Kisa cha Punda wa Dobi. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari. Papa huja, kima humrushia matunda, urafiki unakolea, na siku moja papa anamkaribisha kwao. Kima anapanda mgongoni. Walipofika katikati ya maji, papa anamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kuwa angeambiwa mapema angekuja nao, kwani kima wakisafiri huiacha mioyo yao mtini. Papa anageuza. Kima anarukia tawi, na kuitwa tena haitiki.

Mwenye kuandaa orodha atachagua mkuyu, dobi, na labda papa kwa mtoto wa bara. Lakini mtoto asiyeujua mkuyu anahitaji kujua nini hapo? Kwamba ni mti, una matunda, na matawi yake yamefika juu ya maji. Yote matatu hadithi imeshampa. Neno moyo, kwa upande mwingine, halimo katika orodha yoyote niliyowahi kuletewa, kwa kuwa kila mtoto analijua. Na kisa chote kimesimama juu ya neno hilo. Papa anawaza kiungo cha mwili tu. Kisha kima, akiwa salama mtini, anamsimulia habari za punda wa dobi aliyeponea chupuchupu kwa simba, akabembelezwa na sungura arudi palepale, akauawa. Sungura anaula moyo na masikio ya punda kwa siri, na simba anapouliza viko wapi, anamwambia kwamba punda yule hakuwa navyo. Angekuwa navyo asingerudi. Hapo moyo si nyama tena, ni akili. Mtoto aliyekariri maana moja anapita hapo macho yamefumba.

Ushauri wangu haubadiliki. Mara ya kwanza msome kwa sauti hadi mwisho, kamusi imefungwa, kisha mtoto asimulie kwa maneno yake. Mara ya pili asimame penye neno lililomkwaza, akisie maana kwa kuangalia sentensi za jirani, na aseme kwa nini amekisia hivyo. Hiyo sababu ndiyo ninayoitafuta, hata akikosea. Baada ya hapo kamusi ifunguliwe kuhakiki. Yapo maneno yasiyokisika: dobi ni mojawapo, basi mwambieni ni mtu anayefua nguo kwa malipo, mwendelee. Msisimamishe hadithi robo saa kwa ajili ya neno moja.

Dhana nyingine ninayoipiga vita: "Wanyama wanazungumza, kwa hiyo ni tashihisi", yaani kisicho mtu kimepewa sifa za mtu. Jibu ni sahihi, ila kazi ndiyo kwanza inaanza. Mwulizeni mtoto ni nini hakikubadilishwa. Papa amebaki wa majini, kima amebaki wa mtini, na kila mmoja ni mnyonge kwa mwenzake. Hatari yote imetoka hapo. Wangekuwa watu wawili waliovikwa ngozi tu, safari ile isingetisha. Vivyo hivyo taharuki, ile hamu na hofu ya kujua kitakachofuata: haitoshi kuitaja, aeleze kwa nini siri imefichuliwa katikati ya bahari, kima akiwa hana pa kukimbilia ila kwenye maneno yake.

"Sungura ndiye shujaa." Hapa anamlaghai punda afe, halafu anamwibia na simba.

"Kurudiarudia ni kujaza kurasa." Punda asingekwenda kwa simba mara mbili, utani wa sungura usingekuwa na maana.

"Hurafa ni za watoto wadogo." Kisa cha kima kina ndugu yake katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za India, na mwandishi Ibn al-Muqaffa alikiingiza katika Kiarabu karne ya 8 ndani ya Kalila wa Dimna, kitabu kilichokusudiwa kuwaonya pia watawala. Katika kitabu hicho cha Kiarabu rafiki wa kima ni kobe. Pwani yetu akawa papa.

Mwisho, wapo wanaodhani habari ya punda ni nyongeza inayoweza kurukwa ili hadithi iwe fupi. Hiyo ni hadithi ndani ya hadithi, na ndiyo jibu la kima kwa papa anayemwita arudi. Mkikuta toleo lililoikata, lirudisheni rafuni mtafute jingine.